Kidonda Hufuata Damu: Jinsi Mishipa Inavyojiziba, Kuchipua na Kukua Upya

Panga la muuza madafu likiteleza na kumkata kidole, damu humwagika kwa dakika chache kisha hukata yenyewe. Baada ya wiki mbili pameziba, na miezi kadhaa mbele kumebaki kovu jembamba. Wengi hudhani kazi kubwa hapo imefanywa na ngozi, lakini ngozi ni ya mwisho kufika. Waliotangulia ni mishipa ya damu: imejibana, imejiziba, ikachipua, ikapeleka oksijeni na chakula mahali palipobomoka, kisha ikapungua tena kazi ilipoisha. Kidonda hupona kwa mwendo wa mishipa yake. Ukilishika hilo, mengi yanaeleweka: kwa nini jeraha la uso hupona upesi kuliko la muundi, kwa nini mwenye kisukari hupoteza kidole cha mguu kwa sababu ya kiatu kilichombana, na kwa nini muuguzi humkemea anayekwangua nyama nyekundu akidhani anasafisha uchafu.

Mshipa umejengwaje

Aorta, mshipa mkuu utokao moyoni, ina upana wa takriban sentimita 2.5. Hugawika na kugawika tena mpaka kuwa kapilari, mishipa yenye upana wa maikromita 5 hadi 10, ambapo milimita moja ni maikromita 1,000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8, kwa hiyo katika kapilari nyingi hupita moja moja, na pengine hulazimika kujikunja. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli bapa zinazoitwa seli za endotheli. Zimelala juu ya utando mwembamba wa protini, na kwa nje zimeshikwa na seli nyingine ziitwazo perisaiti. Ateri, mishipa itoayo damu moyoni, na vena, iirudishayo, zina safu hiyo hiyo ya ndani, ila zimeongezewa misuli laini na, kwa nje kabisa, nyuzi ngumu za kolajeni.

Oksijeni ikishatoka kwenye kapilari husafiri umbali mfupi sana ndani ya nyama, kiasi cha maikromita 100 hadi 200, kabla haijatumika yote. Ndiyo maana karibu kila seli hai ya mwili iko jirani na kapilari. Ukiwa na pengo la sentimita moja lisilo na mishipa, katikati yake hapawezi kuishi kitu mpaka mishipa ifike. Kila hatua tutakayoieleza hapa chini inatokana na umbali huo mdogo.

Dakika za kwanza

Mshipa ukikatwa, jambo la kwanza ni misuli laini ya ukuta wake kukaza. Hili hutokea ndani ya sekunde, na lina matokeo ambayo watu wengi hawayatarajii: ateri iliyokatika kabisa mara nyingi huvuja damu kidogo kuliko iliyochanika nusu. Iliyokatika kabisa, ncha zake mbili hunywea na kurudi ndani ya nyama huku tundu likijifunga. Iliyochanika upande mmoja haiwezi kunywea. Kila misuli inapokaza, mdomo wa jeraha huvutwa ukawa wazi zaidi. Jeraha dogo la kifundo cha mkono linalotoa damu kwa mapigo lisidharauliwe kwa udogo wake.

Wakati huo huo, kolajeni iliyokuwa imefunikwa na endotheli sasa inagusana na damu. Chembe sahani, vile vipande vidogo vya seli vinavyogandisha damu, huinata kolajeni hiyo kwa msaada wa protini inayoitwa von Willebrand, huvimba, huita nyenzake na kutengeneza kizibo cha kwanza. Mtu mzima ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Hapo ndipo aspirini inapoingia: kidonge kimoja hulemaza chembe sahani zote zilizokutana nacho kwa maisha yao yaliyobaki, na mwili hauna budi kusubiri zizaliwe nyingine. Aliyemeza aspirini jana akajikata leo, asishangae damu ikichelewa kukata.

Kizibo cha chembe sahani pekee ni dhaifu. Kinaimarishwa na mfuatano wa protini za damu unaoishia kwa trombini kugeuza fibrinojeni, ambayo huyeyuka ndani ya damu, kuwa nyuzi za fibrini zinazosukana kama jarife na kunasa chembe nyekundu ndani yake. Protini kadhaa za mfuatano huu hutengenezwa na ini kwa kutumia vitamini K. Ndiyo sababu mtu anayetumia wafarini, dawa inayozuia kazi ya vitamini hiyo, huvuja damu muda mrefu.

Kuna kipimo cha zamani kinachoonyesha hatua hii kwa macho, nacho bado kinafaa katika zahanati isiyo na maabara kubwa, hasa kwa aliyeumwa na nyoka. Baadhi ya nyoka, boomslang akiwemo, wana sumu inayomaliza fibrinojeni mwilini. Mhudumu huchukua mililita 2 za damu ya vena, huiweka katika neli mpya ya kioo iliyo safi na kavu, huiacha isimame bila kuguswa dakika 20, kisha huiinamisha mara moja. Damu yenye afya imeshakuwa donge na haimwagiki. Ikimwagika kama maji, uwezo wa kugandisha umevurugika. Neli lazima iwe ya kioo kwa sababu kioo chenyewe huamsha mfuatano wa kuganda. Ya plastiki haifanyi hivyo, na iliyooshwa kwa sabuni pia hudanganya. Anayeitikisa neli kila dakika ili achungulie ameshaharibu kipimo.

Kwa aliye karibu na majeruhi, kazi katika dakika hizi ni moja: kuupa mshipa utulivu wa kujiziba. Bonyeza moja kwa moja juu ya panapotoka damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kufunua kuangalia. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kufunua kila baada ya nusu dakika. Kila ukifunua, unang'oa fibrini iliyoanza kushika. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka na kubonyeza hakusaidii, kama inavyotokea katika ajali mbaya za bodaboda, funga kitambaa kipana, kisichopungua sentimita 4, kati ya jeraha na moyo, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha na si juu ya goti au kiwiko. Pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikate, kisha andika saa uliyofunga. Waya au kamba nyembamba haifai. Hukata nyama na neva, na mara nyingi huziba vena tu huku ateri ikiendelea kusukuma, hivyo damu huzidi badala ya kupungua. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kufa kwa wingi muda ukikaribia saa 6, na ateri kubwa iliyokatika haijiungi yenyewe. Lazima daktari wa upasuaji aishone. Kwa aliyeumia upande wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, muda wa kusubiri feri uhesabiwe ndani ya saa hizo, usiwe nje yake.

Njaa ya oksijeni

Damu imekata. Sasa katikati ya jeraha hakuna kapilari zinazofanya kazi, na seli zilizobaki hai zinakosa oksijeni. Upungufu huo huo ndio amri ya kuanza kujenga.

Karibu kila seli hutengeneza muda wote protini iitwayo HIF, na karibu muda wote huibomoa ndani ya dakika chache. Ubomoaji unahitaji oksijeni: vimeng'enya maalumu huitumia kuweka alama juu ya HIF, na chochote chenye alama hiyo hupelekwa kuharibiwa. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. HIF hujaa, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019 kwa kuufumbua utaratibu huu. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa kuyajua kuhusu mwili, kwamba seli haihitaji ubongo kuiambia kuwa imekosa hewa. Kemia yake yenyewe inakwama, na kule kukwama ndiko kunakotoa taarifa.

Moja ya jeni zinazowashwa hutoa VEGF, protini inayoenea kutoka kwa seli zenye njaa hadi kwenye kapilari nzima zilizo pembezoni mwa jeraha. Seli za endotheli zinazoipokea hulegeza mshikamano wao na kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ule utando wa protini chini yao. Kisha mmoja hutangulia. Seli iliyopokea VEGF nyingi zaidi huwa kiongozi, hutoa vidole vyembamba kuelekea pale VEGF ilipo nyingi, na papo hapo hutumia protini ya uso wake iitwayo Delta kuwazuia majirani, ambao hupokea katazo hilo kupitia protini yao iitwayo Notch, wasiwe viongozi nao. Majirani hubaki nyuma, hugawanyika na kurefusha bua. Bila katazo hilo kila seli ingetoka mbio upande wake na badala ya mrija kungekuwa na vurugu.

Chipukizi mbili zikikutana huungana, mara nyingi seli nyeupe ziitwazo makrofaji zikizishikisha. Tundu hufunguka, damu hupita. Lakini mshipa huu ni mchanga. Seli zake hazijabanana, unavuja majimaji, na hiyo ni sababu mojawapo ya kidonda kipya kuwa kibichi na kuvimba. Ili ukomae, seli zake lazima ziite perisaiti zije kuukumbatia, utando wa chini utandazwe upya, na mianya izibwe. Unaopitisha damu hudumu. Usiopitisha hujiondoa. Mwili huotesha mishipa mingi kuliko inayohitajika, kisha mwendo wa damu wenyewe huchagua ipi ibaki.

Hapa pana funzo ambalo watafiti walilipata kwa gharama. VEGF ilipotambulika mwaka 1989, tumaini lilikuwa kwamba kuidunga protini hiyo, au jeni yake, kungeotesha mishipa mipya katika mioyo na miguu iliyoziba. Tiba iliyotarajiwa haikupatikana. Kuchipua ni hatua ya mwanzo tu, na mshipa ulioamshwa bila kukomazwa huvuja na kufa.

Kalenda ya kidonda

Siku 1 hadi 3 ni za seli nyeupe: kidonda hutuna, huwa na joto na huuma. Tangu siku ya 3 hadi ya 5 chini ya kidonda kilicho wazi huanza kuonekana vichembe vyekundu vinavyong'aa kwa unyevu. Kila kichembe ni kitanzi cha kapilari mpya kilichofunikwa na seli zinazotengeneza kolajeni. Hii ndiyo nyama mpya. Ikiwa na afya ni nyekundu iliyokolea, ina vinundu vinundu, hutoa damu kidogo ukiigusa, na yenyewe haiumi kwa sababu haina neva, ingawa kingo za ngozi huuma sana. Iliyopauka inaeleza kwamba damu haifiki. Iliyogeuka rangi ya kahawia iliyokolea, inayonuka na kumeguka, inaeleza kwamba vijidudu vimezidi. Iliyoinuka juu kupita usawa wa ngozi nayo ni tatizo, kwani ngozi haiwezi kupanda kilima hicho ili ikutane na ya upande wa pili.

Kapilari huwa nyingi kabisa kati ya wiki ya kwanza na ya pili, kisha hupungua kwa miezi, na kovu lililokuwa jekundu hutulia. Nguvu huja polepole kuliko sura: baada ya wiki 3 kovu lina takriban asilimia 20 ya uimara wa ngozi ya awali, na hata baada ya miezi mitatu au zaidi hufikia kiasi cha asilimia 80 tu. Mpakizi wa mizigo wa soko la Kongowea, Mombasa, aliyeshonwa mgongo, akirudi kubeba magunia wiki ya tatu kwa sababu pameziba, anaiweka kazi kwenye moja ya tano ya nguvu.

Siku za kutoa nyuzi nazo zinafuata damu. Usoni, penye mishipa tele, nyuzi hutolewa siku ya 5 hivi. Kichwani ni siku ya 7 hadi ya 10. Mikononi na miguuni ni ya 10 hadi ya 14.

Mahali unapoweza kuiona mishipa ikifanya kazi kwa ratiba kali zaidi ni kwenye ngozi iliyopandikizwa, kama anavyofanyiwa mtu aliyeungua vibaya kwa mafuta ya moto. Ngozi nyembamba iliyokatwa pajani haina damu yake. Saa 24 hadi 48 za kwanza huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Siku ya 2 au ya 3 midomo ya kapilari zake za zamani huanza kuungana na chipukizi zinazotoka chini, na kufikia siku ya 5 damu inapita. Ndiyo maana bendeji huachwa hadi siku ya 5 hivi bila kufunguliwa, isipokuwa kukiwa na dalili za maambukizi. Ngozi ikisogea, hata kidogo, maungano yote hukatika. Damu ikijikusanya chini yake, umbali huwa mrefu kuliko oksijeni inavyoweza kuvuka, na kipande hufa kikiwa kimelala juu ya donge. Daktari huitoboa ngozi hiyo matundu madogo kabla ya kuilaza ili majimaji yapate pa kutokea.

Mikono ya mtu inapovuruga

Mafuta ya taa, dawa ya meno, kahawa ya unga, majivu, maji ya betri: vyote hivi vimewahi kupakwa juu ya vidonda, na vyote huua seli za juu au huleta vijidudu. Hata spiriti na haidrojeni peroksaidi, ambazo watu huziheshimu kwa sababu zinachoma na kutoa povu, huua endotheli changa pamoja na vijidudu. Kwa jeraha jipya, maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika kadhaa yanatosha kuondoa mchanga. Kwa kidonda kinachoendelea, chemsha lita 1 ya maji, weka gramu 9 za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu hivi, acha yapoe. Kiwango hicho kinalingana na chumvi ya mwilini, hivyo hakiziumizi seli.

Maji ya bahari si badala yake. Chumvi yake ni takriban mara nne, na maji vuguvugu ya pwani yana bakteria wa jamii ya vibrio wanaopenya kwenye vidonda, wakali zaidi kwa mwenye ugonjwa wa ini. Mvuvi mwenye kidonda wazi akizibe barabara kwa kitu kisichopitisha maji au apumzike.

Kidonda pia hakitaki kukaushwa. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu hufunikwa na ngozi mpya takriban mara mbili kwa haraka kuliko lililoachwa likauke na kuota kigaga. Shashi iliyogandia isivutwe ikiwa kavu. Imwagie yale maji ya chumvi, subiri dakika 10, kisha itoe taratibu. Ukiivuta kavu utaona vidoa vya damu vimetapakaa, na kila kidoa ni kapilari iliyochukua siku kadhaa kuota.

Tumbaku, muguka na machungwa

Nikotini hubana ateri ndogo za ngozi, na moshi, wa sigara au wa shisha na makaa yake, huleta kaboni monoksaidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu. Madaktari wa upasuaji hutaka mvutaji aache angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Muguka na miraa zina kathinoni, ambayo nayo hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Anayeuguza kidonda cha mguu huku shavu limejaa muguka anaubana mlango ule ule anaotaka ufunguke.

Vitamini C ina kisa kinachoihusu Mombasa yenyewe. Vimeng'enya vinavyokomaza kolajeni haviwezi kufanya kazi bila vitamini hiyo. Ikikosekana kwa miezi kadhaa, kuta za kapilari hulegea, fizi huvimba na kutoa damu, madoa ya damu hutokea chini ya ngozi, na makovu ya zamani yaliyokwisha kupona hufunguka upya, kwa kuwa kolajeni ya kovu hubomolewa na kujengwa maisha yote. Hicho ndicho kiseyeye. Meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa mwezi Aprili 1498 zikiwa na wagonjwa wa aina hiyo. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na mwandishi wa kumbukumbu za safari akaandika kwamba wagonjwa wao walipona hapa, akausifu uzuri wa hewa ya mji. Ilipita miaka zaidi ya mia mbili kabla James Lind, mwaka 1747, hajawagawia mabaharia 12 tiba tofauti na kuona wawili waliopewa machungwa na malimau wakiinuka kwanza. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Pera moja la wastani linatosha, mradi liliwe bichi, kwa kuwa moto huiharibu vitamini hiyo. Protini nayo isisahaulike: mayai, samaki, maharagwe. Kolajeni haijengwi kwa chai na mkate mtupu.

Ugonjwa wa selimundu, unaojulikana sana ukanda huu wa Pwani, huziba kapilari kwa chembe nyekundu zilizopinda. Vidonda vyake hupenda kutokea karibu na vifundo vya miguu na huweza kukaa miezi.

Kisukari: uhaba mguuni, wingi jichoni

Hapa ndipo swali gumu lilipo. Mtu yule yule, mwenye sukari ile ile, ana mguu unaoshindwa kuotesha mishipa na jicho linaloiotesha kupita kiasi.

Mguuni sukari nyingi hufanya mambo manne kwa pamoja. Huifanya HIF isidumu hata pale oksijeni inapokuwa haba, kwa hiyo wito wa VEGF huwa hafifu. Hupunguza nitriki oksaidi ambayo endotheli hutumia kulegeza mshipa. Hushikamana na kolajeni na kuifanya ngumu. Hulegeza seli nyeupe zinazopaswa kusafisha kidonda na kuita ujenzi. Juu ya hayo neva zimekufa ganzi, kwa hiyo kokoto ndani ya kiatu haisikiki mpaka soksi ilowe. Ateri kubwa za muundi nazo mara nyingi zimeziba. Kidonda hukwama katika hatua ya uvimbe na kugeuka donda ndugu.

Jichoni mambo ni tofauti kwa sababu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno kwa ukubwa wake. Miaka ya sukari ikiziba kapilari zake, sehemu kubwa ya retina hubaki hai lakini ina njaa, na kilio chake ni kikubwa kuliko kile ambacho sukari imekizima. VEGF hujaa ndani ya jicho. Mishipa huchipua, lakini haiingii pale palipo na njaa. Hutambaa juu ya retina kuelekea kwenye ute wa jicho, pasipo na kitu cha kuishika, ikiwa haina perisaiti za kutosha. Hupasuka, damu hujaa ndani ya jicho, na makovu yake huivuta retina mpaka ibanduke.

Matibabu yanafuata mantiki hiyo moja kwa moja. Miale ya leza huunguza sehemu za pembeni za retina ili zisidai tena oksijeni, na VEGF hushuka. Au daktari hudunga ndani ya jicho dawa inayoishika VEGF, kama bevasizumabu miligramu 1.25 katika mililita 0.05, kwa kawaida kila mwezi mwanzoni. Kwa kuwa mishipa hii haina maumivu na uwezo wa kuona huweza kuwa mzuri mpaka siku inapopasuka, mwenye kisukari aangaliwe retina kila mwaka, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa.

Barabara za kando

Kwa mishipa mikubwa mwili una njia nyingine. Ateri ikiziba polepole, damu hulazimishwa kupita kwa wingi katika matawi madogo yaliyokuwepo tangu kuzaliwa. Msuguano wa damu kwenye kuta zake huziamuru zipanuke, makrofaji huja kubomoa na kujenga ukuta, na katika wiki kadhaa tawi jembamba huwa ateri halisi. Amri hapa ni kasi ya damu. Upungufu wa oksijeni si sharti. Anayeumwa misuli ya nyuma ya muundi akitembea kwa sababu ya ateri iliyoziba hushauriwa kutembea mpaka maumivu yawe ya wastani, kupumzika, kisha kuendelea, dakika 30 au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa angalau wiki 12. Ambaye mguu unamuuma hata akiwa amelala, au ana kidonda, aonwe kwanza na daktari.

Stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa kuishikilia ateri iliyopanuliwa, nayo huonyesha nini hutokea endotheli ikikwanguliwa. Puto likiipanua ateri ya moyo, safu ya ndani huchanika. Endotheli hurudi kwa kutambaa kutoka kingoni, na kabla haijafika, misuli laini huweza kuhamia ndani, ikazaana na kuiziba ateri upya. Stenti zenye dawa huzuia misuli hiyo, lakini huichelewesha endotheli pia, na chuma kilicho wazi huvuta chembe sahani. Ndiyo sababu ya kumeza aspirini na klopidogreli, dawa za kulemaza chembe sahani, miezi 6 hadi 12, na ndiyo sababu kuziacha mapema bila ruhusa ya daktari huua.

Kupima nyumbani

Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka upauke, uachie. Katika joto la Mombasa rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kisha weka vidole viwili upande wa juu wa mguu, mbele ya kifundo, kando ya ukano mgumu unaoinua kidole gumba, utafute mapigo. Tafuta mengine nyuma ya kifundo cha ndani. Mapigo yakikosekana mguu mmoja na yapo mwingine, au mguu mmoja ukiwa baridi kuliko mwenzake, usisubiri kidonda kitokee.

Kama kidonda tayari kipo, pima urefu na upana wake kwa rula kila wiki, siku ile ile, uzidishe na uandike. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari ambacho eneo lake halijapungua nusu baada ya wiki 4 za kuoshwa, kufunikwa na kuondolewa uzito huwa na nafasi ndogo ya kufunga kwa njia hiyo hiyo. Kinahitaji kipimo cha mtiririko wa damu, na pengine ateri ifunguliwe kwanza. Nyama ikigeuka nyeusi, wekundu ukipanda juu ya mguu, au homa ikianza, hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.